Joto la Kuazima

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Fundi alikuwa amekwisha kumimina ndoo ya tatu ya maji ya moto kwenye rejeta ya Bibi. Maji yalichemshwa katika pipa lililokatwa nusu, juu ya moto wa mbao za makreti, na yalibebwa kwa ndoo ambayo mpini wake ulikuwa kipande cha waya. Ndoo ya kwanza hupasha chuma, ya pili hupasha oili, ya tatu ni ya kubembeleza. Ndivyo baba yake alivyomfundisha, na ndivyo walivyofanya kila asubuhi ya baridi tangu pulagi za kupashia injini zilipoungua na ofisi ikasema mpya zimeagizwa. Zilikuwa zimeagizwa kwa miaka mitatu.

Bibi alikuwa buldoza la machimbo ya mawe, na alimzidi Fundi, binti aliyemtunza, umri kwa miaka tisa. Kazi yake ilikuwa kusukuma mawe kutoka kwenye ukuta wa mlima hadi kwenye mdomo wa mashine ya kusaga kokoto. Bibi akilala, mashine ya kusaga inalala, na watu arobaini wanakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa wakitazamana. Siku hiyo ilikuwa ya nne tangu alale.

Opereta wake alikuwa baba yake Fundi. Pale kazini kila mtu alimwita Kapteni, kwa sababu alikuwa akipanda kwenye buldoza lile bila haraka, akiangalia mbele na nyuma, kama anayeondoka na abiria mia tatu.

"Jaribu," alisema Kapteni.

Fundi akawasha. Stata ilizunguka, injini ikakohoa moshi mweupe mara mbili, ikanyamaza.

"Leo ameamkia upande wa kushoto."

"Upande wa kushoto siku nne, baba? Ringi za pistoni zimechoka. Bila joto la ndani hawaki, na joto la ndani ni pulagi."

Msimamizi alikuja na faili kwapani. Alikuwa mtu mpole aliyesema kila jambo kwa sauti ya kutaja saa. Alisema ofisi imepiga simu. Bibi asipowaka kufikia saa mbili, machimbo yatafungwa na watu waende makwao.

"Na pulagi?" Fundi aliuliza.

"Zimeagizwa."

Kapteni alivua glavu, akaziweka juu ya mnyororo wa buldoza, moja juu ya nyingine. Kila asubuhi kabla ya kupanda alikuwa na desturi ya kuweka kiganja kwenye bloku ya injini, kama mzazi anayepima homa ya mtoto, kisha kupanda. Siku hiyo aliweka viganja vyote viwili na hakuviondoa. Alifumba macho. Fundi aliona jasho la ubebaji wa ndoo likikauka kwenye shingo ya baba yake, kuanzia chini kwenda juu. Kisha aliona mshale wa geji ya joto ukitoka mwisho wa kushoto, ulikokuwa umelala siku nne, ukapanda taratibu hadi katikati.

"Washa sasa," alisema Kapteni.

Akawasha. Bibi aliwaka mara moja, bila moshi.

Kapteni aliondoa mikono. Kwenye bloku zilibaki alama mbili za viganja, safi, bila vumbi wala grisi. Alivaa glavu, akaomba koti lake. "Nasikia baridi kidogo," alisema. Watu arobaini waliinuka kwenye ndoo zao na kuzigeuza. Msimamizi alitazama saa, akaandika kitu kwenye faili, akaondoka.

Ilibaki shughuli ya lebo. Pale machimboni palikuwa na utaratibu ambao hata msimamizi hakuuchezea: kipuri kikitolewa kwenye mtambo mmoja kuokoa mwingine, mahali kilipotoka panafungwa lebo ya bati kwa waya. Lebo huandikwa jina la kipuri, kilikotoka, kilikofungwa, aliyekitoa, na tarehe ya kukirudisha. Nyuma ya karakana lilisimama greda lililokufa, juu ya matofali, limetundikwa lebo mwili mzima. Upepo ukivuma lilikuwa likilialia. Hakuna hata lebo moja iliyojazwa tarehe ya kurudisha.

Bwana Stoo, mtunza vipuri, alikuja na lebo mpya, msumari wa kuandikia na kipande cha waya. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alipenda mambo yaende kwa mstari.

"Kipuri?" aliuliza.

"Joto," alisema Fundi.

"Kimetoka wapi?"

"Kwa opereta."

"Kimefungwa wapi?"

"Kwa Bibi."

Bwana Stoo alichora maneno yale kwenye bati bila kuinua kichwa. "Aliyetoa ni wewe. Weka sahihi hapa."

Fundi aliweka sahihi. Kisha akashika msumari juu ya mstari wa mwisho, wa tarehe.

"Hapo acha wazi kwanza," alisema Bwana Stoo. "Pulagi zikija, tutajaza. Ukiandika tarehe halafu isitimie, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Fundi akaacha wazi. Bwana Stoo alifunga lebo kwenye kifungo cha pili cha ovaroli ya Kapteni, akaivuta mara mbili kuhakikisha imekaza.

Nyumbani, mama yake Fundi alikuwa fundi cherehani aliyefanyia kazi sebuleni, na mdomo wake haukupumzika zaidi ya cherehani yake. Usiku wa kwanza alimfunika mumewe blanketi moja, wa pili mawili, wa tatu matatu, na asubuhi blanketi zote zilikuwa baridi. Wiki ya pili alihamishia kitanda chake chumba kingine. "Nimeolewa na jokofu," alimwambia jirani, "tena halihitaji umeme." Jirani alicheka, na mama alicheka pia, kisha akarudi ndani na kumshonea mumewe koti la blanketi lenye mifuko mikubwa. Sufuria ya maziwa aliiweka kwenye kiti kilichokuwa kando ya mumewe, na maziwa yakawa yanakaa siku mbili bila kuharibika. Paka, aliyelala miguuni pa Kapteni kwa miaka sita, alihamia jikoni.

Kapteni hakulalamika. Hakuwa na maumivu, wala huzuni. Alikula mpaka aambiwe ameshiba. Akiulizwa anaendeleaje alisema "sawa." Siku moja mama alimletea picha ya marehemu kaka wa Kapteni, ambayo zamani mumewe alikuwa akiitazama na kujipangusa macho. Kapteni aliishika, akaitazama mbele na nyuma. "Ni picha," alisema, akairudisha.

Jambo ambalo Fundi alilihisi zaidi lilikuwa dogo. Miaka yote, hata siku za mapumziko, baba yake alimuuliza swali moja wakati wa chakula cha jioni: "Leo Bibi kaongeaje?" Hapo Fundi angemsimulia mlio wa injini, vali iliyogonga, mnyororo uliolegea, na wangebishana mpaka mama awaambie waende wakalale karakana. Sasa Kapteni hakuuliza. Fundi alikaa mbele yake akisubiri, na chakula kikaisha.

Wiki ya tatu Kapteni alipitiliza mahali pa kusimama kwa hatua mbili. Hakuwa akihisi leva za kuendeshea mtambo mikononi. Daktari wa kampuni alimpima, akatikisa kipimajoto, akampima tena. Kwenye fomu aliandika: *Joto la mwili: sawa na la chumba. Hafai kuendesha mtambo.* Msimamizi alimsomea fomu hiyo kwa upole, akamrudisha nyumbani hadi afya yake itakapokaa vizuri. Kapteni alisema "sawa." Aliacha glavu zake kwenye kiti cha Bibi, na hakuna aliyemkumbusha kuzichukua.

Opereta mpya aliitwa Breki, kwa sababu hakuwa akizikumbuka. Hakuwa mtu mbaya. Alileta redio yake ndogo, akaifunga juu ya dashibodi, na kwa kuwa kibanda cha Bibi hakikuwa na mahali pa kutundika kofia, aliitundika kwenye geji ya joto. Fundi alimwambia mara tatu aitoe. Mara zote tatu aliitoa, akasema, "Samahani, dada yangu," na kesho yake kofia ilikuwa palepale.

Siku ya tisini na nne tangu lebo ifungwe, saa nane mchana, Fundi alikuwa chini ya lori la kokoto akikaza boliti, simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mama.

"Mwanangu, baba yako anatoka jasho."

"Jasho la nini?"

"La nini tena? La binadamu. Ametupa koti. Ananiuliza nani kahamisha kitanda changu. Nimwambie nini mimi?"

Kabla Fundi hajajibu, simu ilibadilisha mkono.

"Wewe," alisema Kapteni, "nani kanifunga hiki kibati kifuani kama gunia la posta?"

"Mimi na Bwana Stoo, baba."

"Sahihi ni yako. Mwandiko wa kuku, tangu darasa la pili." Akacheka.

Fundi hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa siku tisini na nne. Alikisikiliza jinsi anavyosikiliza injini, akitafuta hitilafu. Hakuiona.

"Haya, niambie. Leo Bibi kaongeaje?"

Fundi alijiburura kutoka chini ya lori, akatazama mlimani. Bibi alikuwa anapanda mteremko na mzigo wa mawe mbele yake, na ubavuni mwake ulikuwa unatoka mvuke mweupe. Redio ilisikika hadi pale. Mpira wa chini wa rejeta umetoboka, aliwaza. Maji yanakwisha, na Breki haoni mshale kwa sababu ya kofia.

"Mbona kimya?" aliuliza Kapteni.

"Mpira wa rejeta, baba. Wa chini."

"Mvuke upo?"

"Upo. Mweupe."

"Basi mshale uko kwenye nyekundu. Nenda kazime."

Kutoka kwenye lori hadi mteremkoni palikuwa na hatua mia mbili. Fundi alikuwa amezikimbia mara nyingi, kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na spana mkononi. Siku hiyo alitembea.

"Umekula, baba?"

"Nimekula, ila sikumbuki nini. Mama yako ana gauni jipya. Hakuna aliyeniambia."

"Na wewe alikushonea."

"Lile koti? Nilidhani ni pazia." Nyuma yake sauti ya mama ilisema kitu, na Kapteni akacheka tena. "Anasema nilivaa miezi mitatu bila shukrani. Paka amerudi, hebu msikie." Fundi alisikia paka. Alisikia pia cherehani ikisimama, na kiti kikisogezwa karibu na kiti kingine. Alipunguza mwendo. Mvuke mlimani ulikuwa umezidi, na ulianza kuwa na harufu ya rangi inayoungua.

"Unatembea," alisema Kapteni.

"Ndiyo."

"Nasikia kokoto. Wewe ukitembea unaanza na kisigino. Hata mimi ningetembea. Sasa kimbia, mwanangu. Silinda hedi ya injini ikipasuka, hakutakuwa na cha kurudisha."

Fundi akakimbia, simu sikioni. Alisimama mbele ya Bibi, akapishanisha mikono juu ya kichwa. Breki alisimamisha, akainua kofia kwenye geji, akatazama. "Kumbe," alisema. Akazima injini.

"Msimmwagie maji baridi," alisema Kapteni kwenye simu. "Mwacheni apoe mwenyewe."

"Tunamwacha, baba."

"Mwambie huyo kijana wa watu, kofia yake..."

"Nitamwambia."

"Mwambie..."

Chuma cha Bibi kilikuwa kikitoa mlio mdogomdogo, kama ubao unaokauka. Fundi alikaa chini, mgongo kwenye mnyororo.

"Baba, nilitaka kukusimulia ile vali ya tatu."

"Ndiyo."

"Inagonga asubuhi tu. Nadhani ni kikombe chake."

"Sawa," alisema Kapteni.

"Wewe unaonaje?"

"Sawa."

Baada ya hapo ilisikika pumzi tu. Kisha mama alichukua simu. "Amevaa koti," alisema, na Fundi akasikia cherehani ikianza tena.

Injini ilinusurika. Fundi alizungushia mpira wa rejeta vipande vya tyubu ya tairi, akakaza kwa waya, akajaza maji injini ilipopoa. Alitoboa pia tundu kwenye dari ya kibanda, akafunga ndoana ya kutundikia kofia. Halafu akaenda stoo, bila kunawa mikono.

"Nimekuja kuulizia pulagi," alisema. "Za Bibi."

Bwana Stoo alirekebisha miwani, akashusha faili kutoka rafu ya juu, akafungua ukurasa kwa kidole kilicholowa mate. Alisoma kimya, kisha akaligeuza faili upande wa Fundi ili asome mwenyewe. Oda ya pulagi ilikuwa imefutwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Sababu: *Injini inawaka.* Ilifutwa siku ileile Kapteni alipoweka mikono kwenye bloku, saa moja na dakika arobaini asubuhi, kwa sahihi ya msimamizi.

"Kwa hiyo haziji."

"Zije kufanya nini, mwanangu? Mtambo unawaka."

"Basi nitoe joto la baba yangu, mtambo usiwake, muagize upya."

Bwana Stoo alivua miwani. Alionekana mtu aliyechoka, tena mwenye huruma. Alimfungulia Fundi kitabu cha pili, kinene, chenye orodha ya mali ya machimbo. Chini ya jina la Bibi, baada ya ndoo, minyororo na kiti, kulikuwa na mstari mpya wenye wino ambao haujafifia: *Joto, moja.*

"Kipuri cha kuazima kisichokuwa na tarehe ya kurudi," alisema, "kikikaa siku tisini kinakuwa cha mtambo. Ndivyo ilivyo. Ungekuwa umeandika tarehe, hata ya miaka ishirini, kingebaki cha mwenyewe."

"Wewe ndiye uliyeniambia niache wazi."

"Mimi," alikubali Bwana Stoo. "Ndivyo ninavyowaambia wote."

Nje, greda lililokufa lililialia kidogo kwa upepo.

"Nikilitoa bila ruhusa?"

"Utakuwa umeiba mali ya kampuni, na mimi ndiye nitakayekuandika. Usinifanyie hivyo." Kisha, kwa kuwa alitaka kumpa kitu, alifungua droo, akatoa lebo mpya. "Ile ya mzee lazima imeshachakaa kwa kufuliwa. Hii ni bati nzuri. Haishiki kutu."

Fundi aliipokea, akasema asante. Jioni alimfungia baba yake kwenye kifungo cha pili cha koti la blanketi. Kapteni aliinua kidevu kidogo ili asimzuie. Kwenye mstari wa mwisho Fundi alikuwa ameandika *kesho*. Mwisho wa mwezi Bwana Stoo alipopita kukagua vipuri vilivyoazimwa, alikaribishwa chai, akanywa, na kabla ya kuaga alilikwangua neno hilo kwa msumari, kwa uangalifu, asimchome mzee. Mstari ule, alieleza, sasa ni wa ofisi.

Siku zilizofuata Fundi aliendelea kumtunza Bibi kuliko alivyowahi kumtunza. Alibadilisha oili kabla ya siku zake. Alikagua mpira wa rejeta asubuhi na mchana. Kisha alikata kipande cha boksi la katoni, upana wa viganja viwili, akakifunga mbele ya rejeta ili upepo usipite wote. Alikaa na geji kwa siku tatu, akipunguza boksi kwa mkasi, akiongeza, hadi mshale ukasimama juu kidogo ya katikati, mahali ambapo hedi haiwezi kudhurika na hakuna msimamizi anayeweza kuuliza kitu.

Nyumbani, paka alitoka jikoni. Hakurudi miguuni pa Kapteni, ila alilala umbali wa shubiri moja. Maziwa yalianza kukaa siku moja na nusu. Mama hakurudisha kitanda, lakini alisogeza cherehani yake karibu na kiti cha mumewe, na mchana alikuwa akiegemeza kiwiko kwenye mkono wake.

Kila siku saa kumi alasiri Bibi alipanda mteremko wa mwisho na mzigo mkubwa kuliko yote, na mshale ulipanda unywele mmoja zaidi. Saa hiyo Fundi aliacha chochote alichokuwa akifanya, akapiga simu nyumbani. Mama alikuwa akipokea bila kusema kitu na kuiweka simu kwenye sikio la mumewe.

"Leo," alisema Kapteni. Ilimchukua muda. "Leo Bibi..."

"Kaongea vizuri, baba. Vali ya tatu imetulia. Mnyororo wa kushoto umelegea, nitaukaza kesho."

"Vizuri."

"Na Breki anatundika kofia kwenye ndoana."

"Vizuri," alisema Kapteni, na mara moja moja aliongeza neno ambalo Fundi hakulitarajia, kama "mvua" au jina lake la utotoni.

Kisha msimamizi alikuwa akipuliza filimbi, Breki anazima injini, na watu arobaini wanapindua ndoo kumwaga maji machafu. Fundi alibaki na simu sikioni mpaka upande wa pili uwe pumzi tu. Baada ya hapo alijipangusa mikono, akaenda kwa msimamizi, aliyekuwa amekwisha kumfungulia fomu ya ukaguzi ukurasa wa siku hiyo.

"Bibi mzima?" aliuliza msimamizi.

"Mzima."

Msimamizi akaandika: *Hitilafu: hakuna.* Akamgeuzia faili, na Fundi akaweka sahihi.